Neno la Herufi Tano: Historia ya Kuhesabu Herufi za Kiingereza na Funzo Lake kwa Raia



Katika shule nyingi za sekondari hapa Uganda kuna mtindo ambao walimu wa lugha wanaufahamu vyema. Mwanafunzi hufungua daftari na kuandika safu ndefu za maneno ya Kiingereza yaliyopangwa kwa idadi ya herufi: haya ya herufi tatu, haya ya nne, haya ya herufi tano yenye Z, na yale ya herufi tano yenye Q isiyofuatwa na U. Mmoja anajiandaa kwa mashindano ya Scrabble, mwingine anashindana na wenzake katika fumbo la kila siku kwenye simu. Tatizo ni kwamba mara nyingi upande wa kulia wa safu hizo, mahali ambapo maana ingeandikwa, hubaki mtupu.

Makala haya hayakusudii kuwakejeli vijana hao. Orodha zao zina historia ndefu kuliko wanavyodhani, na historia hiyo ina la kumfundisha raia wa Afrika Mashariki. Tujiulize maswali matatu. Nani aliyeamua kwamba neno lipimwe kwa idadi ya herufi zake? Neno linapoingizwa katika orodha au kuondolewa, ni nani anayeamua? Na je, neno lililojulikana bila maana yake limejulikana kweli?

Herufi ilipokuwa na bei

Kabla kuhesabu herufi hakujawa mchezo, kulikuwa jambo la fedha na muda. Katika miaka ya 1830 na 1840, Samuel Morse na wenzake huko Marekani walipokuwa wakiunda mfumo wa kupeleka habari kwa waya, walihitaji kujua ni herufi zipi zinazotumika zaidi katika Kiingereza. Hawakusoma vitabu vyote vya dunia. Walitazama sanduku za mpiga chapa na kuona ni herufi ngapi za risasi alizoweka kwa kila aina, maana mpiga chapa haweki akiba ya kitu asichokihitaji. Herufi E ilikuwa nyingi kuliko zote, kwa hiyo ikapewa alama fupi kuliko zote: nukta moja. T ikapewa kistari kimoja. Q, ambayo ni adimu, ikabebeshwa alama nne.

Kisha yakaja makampuni ya telegrafu, yaliyotoza malipo kwa kila neno. Wafanyabiashara wakabuni vitabu vya mafumbo ambamo neno moja lilisimamia sentensi nzima: neno hili lina maana ya kwamba shehena imefika salama, lile lina maana ya kwamba bei imeshuka, usinunue. Makampuni nayo yakajibu kwa kuweka ukomo wa urefu. Mkutano wa kimataifa wa telegrafu uliofanyika London mwaka 1903 ulikubali maneno ya kubuni yenye herufi zisizozidi kumi, mradi yatamkike. Wenye akili za biashara wakaona mwanya papo hapo: ukichukua maneno mawili ya herufi tano na kuyaunganisha, umepata neno moja la herufi kumi, na umelipia neno moja tu. Kitabu cha mafumbo cha Bentley kilichotoka mwaka 1906 kilijengwa juu ya hesabu hiyo hiyo ya herufi tano.

Pwani yetu haikuwa mbali na habari hizi. Waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Tangu siku hiyo, makonseli na wafanyabiashara wa Unguja nao wakawa wanaandika barua zao wakihesabu maneno kama mtu anavyohesabu sarafu mfukoni.

Basi tuzingatie hili la kwanza. Idadi ya tano haikushuka kutoka mbinguni wala haikutokana na uzuri wa neno. Iliwekwa na watu, katika mkutano, kwa sababu za bei.

Kutoka hesabu ya fedha hadi mchezo

Mchezo wenyewe ulianza kwa utulivu. Mwalimu wa hisabati wa Oxford, Charles Dodgson, anayejulikana zaidi kwa jina la Lewis Carroll, alichapisha mwaka 1879 katika gazeti la Vanity Fair mafumbo aliyoyaita "Doublets". Mchezaji alipewa maneno mawili yenye urefu sawa, akatakiwa kulifikia la pili kutoka la kwanza kwa kubadilisha herufi moja moja, na kila hatua iwe neno halali. Mfano wake mashuhuri ulikuwa kutoka "head", yaani kichwa, hadi "tail", yaani mkia. Hapa neno lilianza kutazamwa kama tofali: jambo muhimu ni kwamba linaingia katika nafasi yake.

Tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilichapisha fumbo la kwanza la miraba la Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Lilikuwa na umbo la almasi, na lilitoa dokezo kwa kila neno. Hapo ndipo swali la namna ya "neno la herufi tano ambalo herufi yake ya tatu ni R" lilipoingia sebuleni mwa watu wa kawaida. Mwaka 1924 wachapishaji Simon na Schuster walitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, na Marekani nzima ikashikwa na homa. Gazeti la New York Times liliyabeza mafumbo hayo mwaka huo, likiyaona kuwa upotevu wa muda. Mwaka 1942 likaanza kuchapisha la kwake. Ndivyo ilivyo: aliyecheka jana leo amekuwa mwenye duka.

Kumbuka hata hivyo kwamba katika fumbo la miraba maana bado ilikuwa bwana. Huwezi kuanza bila dokezo, na dokezo ni maana.

Msanifu majengo asiye na kazi

Mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwanyang'anya kazi mamilioni ya Wamarekani. Miongoni mwao alikuwa Alfred Mosher Butts, msanifu majengo aliyezaliwa Poughkeepsie, jimbo la New York, mwaka 1899. Akiwa na muda mwingi na fedha kidogo, aliamua kubuni mchezo utakaochanganya bahati na maarifa. Alichukua magazeti, likiwamo New York Times, akahesabu kwa mkono ni mara ngapi kila herufi inatokea. Kutokana na hesabu hiyo alipata mgawanyo ambao hadi leo haujabadilika sana katika Scrabble ya Kiingereza: vipande 100, ambavyo kumi na viwili ni E, tisa ni A, tisa ni I, vinane ni O, na viwili havina kitu. Q na Z zina kipande kimoja kimoja na thamani ya alama kumi.

Jambo la kupendeza ni S. Kwa hesabu ya magazeti, S ni herufi ya kawaida sana, lakini Butts aliweka vipande vinne tu. Sababu yake ni ya kisarufi: Kiingereza huunda wingi kwa kuongeza S mwishoni, na kama zingekuwa nyingi mchezo ungekuwa mwepisi mno. Hebu mwalimu wa Kiswahili alitafakari hili na darasa lake. Sisi wingi wetu uko mwanzoni mwa neno: mtu na watu, kitabu na vitabu, jicho na macho. Sanduku la Butts lina K moja tu, tena yenye thamani ya alama tano, ilhali sisi bila K hatuwezi hata kutaja jina la lugha yetu. Q na X, zinazothaminiwa sana katika sanduku hilo, hazimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu. Kwa hiyo mgawanyo ule, unaoonekana kama hesabu tupu, kwa kweli ni picha ya lugha moja katika magazeti ya nchi moja kwa wakati mmoja.

Mchezo haukufanikiwa mara moja. Butts aliuita kwanza Lexiko, kisha mwaka 1938 Criss-Cross Words, na wachapishaji waliukataa. Mwaka 1948 James Brunot alichukua haki za kuutengeneza, akaupa jina la Scrabble, na mwaka 1949 yeye na familia yake walitengeneza seti 2,400 huko Connecticut na bado wakapata hasara. Miaka michache baadaye maduka makubwa yalianza kuuagiza, na mauzo yakapanda kufikia mamilioni.

Neno moja, urefu mbili

Mwaka 2021 Josh Wardle, mtaalamu wa programu mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi New York, aliweka wazi kwa umma fumbo alilokuwa amelitengeneza kwa ajili ya mwenzi wake. Akaliita Wordle. Kila siku kuna neno moja la herufi tano, na mchezaji ana nafasi sita za kulibahatisha. Kiingereza kina zaidi ya maneno elfu kumi na mbili ya herufi tano kwa mujibu wa orodha kubwa, lakini mengi hayajulikani na watu wa kawaida. Hivyo mwenzi wake, Palak Shah, aliyachuja hadi yakabaki yapatayo 2,300 kuwa majibu. Mwishoni mwa Januari 2022 gazeti la New York Times lililinunua fumbo hilo.

Mwezi uliofuata, Februari 2022, jibu la siku moja likawa "humor", yaani ucheshi. Wachezaji wa Uingereza walikasirika, maana kwao neno hilo lina herufi sita: "humour". Ugomvi huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Baada ya Marekani kujipatia uhuru, mwalimu mmoja aitwaye Noah Webster alisisitiza kwamba taifa huru linahitaji tahajia yake. Katika kamusi zake za mwaka 1806 na 1828 aliondoa U katika maneno ya namna hiyo, na Wamarekani wakamfuata.

Mwanafunzi wa Uganda, aliyefundishwa tahajia ya Uingereza na anayecheza fumbo la Marekani, yuko katikati ya mabishano ambayo hakuyaanzisha. Akikosa jibu, hakukosa kwa ujinga. Amepimwa kwa kipimo cha nyumba nyingine. Hili ni jambo la kumweleza mtoto wazi kabisa, kwa sababu asipoelezwa atadhani kosa ni lake.

Perth, 2015: ufupi ulioshinda

Sasa tufike kwenye sura ambayo Mwafrika ana haki ya kuisimulia kwa sauti. Kwa miaka mingi mabingwa wa dunia wa Scrabble walitafuta maneno marefu. Sababu iko wazi: mchezaji anayetumia vipande vyake vyote saba kwa mkupuo mmoja huongezewa alama 50. Wanigeria, ambao nchi yao inauheshimu mchezo huu kama michezo mingine ya mashindano, waliichunguza hesabu hiyo upya. Waliona kwamba anayeweka vipande saba analazimika kuchota saba vipya kwa bahati nasibu, na huenda akapata irabu tupu au konsonanti zisizotamkika. Aliyeweka neno la herufi nne au tano, akabaki na vipande viwili au vitatu vizuri mkononi, anaitawala zamu inayofuata; tena hamfungulii mpinzani wake nafasi kubwa kwenye ubao.

Mnamo Novemba 2015, huko Perth, Australia, Wellington Jighere kutoka Nigeria alimshinda Lewis MacKay wa Uingereza kwa michezo minne kwa sufuri, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Miongoni mwa maneno yaliyomjengea ushindi lilikuwa "felty", la herufi tano. Maana yake ni kitu chenye hali kama ya kile kitambaa kizito kinachotengenezwa kwa kushindilia manyoya ya kondoo bila kuyafuma. Thamani ya herufi zake ni F alama nne, E moja, L moja, T moja na Y nne: jumla kumi na moja. Kwa kuliweka mahali panapostahili, Jighere alivuna alama 36. Rais Muhammadu Buhari alimpigia simu kumpongeza.

Tusilichukulie tukio hili kama mzaha wa mezani. Kiingereza kililetwa Nigeria na dola iliyokitumia kama ngazi ya kuwapandisha wachache na kuwaacha wengi chini. Vijana wa Nigeria hawakusubiri kibali cha mwenye lugha. Walichukua orodha, wakaisoma, wakaona kile ambacho wenyewe hawakukiona, wakashinda kwa maneno mafupi.

Mwaka huo huo ulitupa mfano wa upande wa pili. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa ameikariri kamusi ya mchezo kwa muda wa wiki zipatazo tisa. Uwezo huo unastahili heshima, lakini pia unatuonya. Mtu anaweza kumiliki maelfu ya maneno ya lugha na bado asiweze kumwomba muuza duka mkate kwa lugha hiyo. Kwa mchezaji hilo si tatizo, kwa kuwa alikwenda kucheza. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kuwa raia, kusoma mkataba, kuhoji bajeti ya wilaya na kuelewa hukumu ya mahakama, ni tatizo kubwa.

Q isiyo na U: maneno tunayoyajua tayari

Hebu sasa tuijaze ile safu ya kulia. Wachezaji wa Scrabble huyatafuta sana maneno yenye Q isiyofuatwa na U, kwa sababu mwenye Q bila U hukwama. Haya ni baadhi ya yaliyomo katika kamusi kubwa za Kiingereza, pamoja na maana zake:

- "faqir": mtu aliyeacha mali ya dunia kwa ajili ya ibada. Ndiye fakiri wetu, na ufukara ni jamaa yake.
- "qibla": upande wa Makka anaouelekea Mwislamu anaposali. Sisi husema kibla.
- "talaq": kuvunjwa kwa ndoa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Ni talaka.
- "qanat": mfereji uliochimbwa chini ya ardhi ili kuleta maji kutoka milimani, hasa nchini Iran.
- "tranq": kifupi cha neno la Kiingereza la dawa ya kutuliza.

Ukiongeza na maneno mafupi zaidi utakutana na "qadi", ambaye ni kadhi, na "qat", ambayo ni miraa, au mairungi kama inavyoitwa hapa kwetu.

Umeona jambo hilo, msomaji? Mengi ya maneno hayo, ambayo mwanafunzi huyakariri kama vioja vya Kiingereza, ni wageni waliotoka Kiarabu, na yalifika pwani ya Afrika Mashariki bila kupitia London. Kiingereza kimeyaandika kwa Q ili kuiwakilisha herufi ya Kiarabu. Kiswahili sanifu kimeyavalisha K. Mwanafunzi wa Kiswahili ana maana hizo mfukoni kabla hajaigusa orodha.

Kuna pia maneno ya herufi tano ambayo Kiingereza kimeyachukua kutoka Kiswahili chenyewe: "bwana", "panga", "uhuru". Hili la mwisho ni tunu kwa mchezaji mwenye U nyingi mkononi, maana linameza tatu kwa pamoja. Lakini tazama lilivyosafiri. Katika kamusi za Kiingereza, "uhuru" ni kujitawala kwa taifa, hasa la Kiafrika. Kwetu ni pana zaidi: kuna uhuru wa mtumwa aliyeachwa, uhuru wa mfungwa aliyemaliza kifungo, uhuru wa kusema, uhuru wa kijana kujichagulia mwenzi. Kiingereza kiliokota neno hilo katika majukwaa ya kupigania madaraka, kikaondoka na kipande kimoja cha maana. Herufi zote tano zilivuka bahari, lakini maana ilivuka nusu.

Mwenye orodha

Hapa ndipo somo letu la uraia linapokaza kamba. Mwaka 1994, baada ya malalamiko ya umma, kampuni yenye haki za Scrabble nchini Marekani ilitangaza kwamba maneno ya kuwadhalilisha watu kwa kabila, rangi au dini, pamoja na matusi mengine, yangeondolewa katika kamusi ya mchezo. Wachezaji wa mashindano waliwaka. Muafaka ulikuwa wa pande mbili: kamusi iliyouzwa kwa umma ilisafishwa, na orodha ya mashindano ikabaki na maneno yale.

Suala hilo lilifufuka mwaka 2020, baada ya askari polisi kumuua George Floyd mjini Minneapolis. Chama cha wachezaji cha Amerika Kaskazini kilijadili, kikapiga kura, na kikayaondoa maneno ya kudhalilisha hata katika mashindano. Mwaka 2021 kampuni yenye haki za mchezo katika sehemu nyingine za dunia iliondoa maneno yapatayo 400. New York Times nalo, lilipoichukua Wordle, liliondoa katika majibu maneno machache, likiwamo "slave", yaani mtumwa, na "lynch", yaani kumuua mtu kwa umati bila hukumu. Katika chujio hilo hilo liliondoka pia "fibre", yaani uzi au nyuzi, ambalo linaandikwa kwa tahajia ya Uingereza.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Waliopinga walisema kwamba ubaoni neno ni alama tu, na kwamba kulifuta neno hakufuti chuki iliyolizaa. Waliounga mkono walisema kwamba hakuna neno linaloacha maana yake mlangoni, na kwamba aliyetukanwa kwa neno hilo haoni alama bali anaona kofi. Mimi nina msimamo wangu: mtu anayedai kwamba neno ni herufi tupu, mara nyingi ni yule ambaye neno hilo halijawahi kumpiga. Lakini lililo muhimu kwa raia ni utaratibu. Tulinganishe: mahali pamoja uamuzi ulijadiliwa na kupigiwa kura na wachezaji wenyewe, mahali pengine kampuni iliamua na wachezaji wakasikia. Maneno yalikuwa karibu yale yale. Tofauti ilikuwa katika kushirikishwa.

Na orodha yetu je?

Sisi nasi tuna orodha yetu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Walioketi mezani walikuwa maofisa wa elimu wa kikoloni na wamisionari. Kimvita, pamoja na utajiri wake wote wa ushairi, kilibaki nje ya mlango. Ilichukua miongo kadhaa hadi wenyewe kutoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hapa Uganda njia ilikuwa na miiba zaidi. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973. Lugha ikavishwa sare ya askari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, misako ya kijeshi iliyowakusanya watu mitaani mjini Kampala ikapewa jina la "panda gari". Kamusi yoyote ya Kiswahili itakueleza maana ya kupanda na maana ya gari. Hakuna itakayomweleza mwanafunzi kwa nini mama wa umri fulani, akiyasikia maneno hayo mawili pamoja, hunyamaza. Anayetaka kufundisha Kiswahili Uganda na asiijue maana hiyo, anafundisha herufi.

Mambo yamebadilika. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa baraza la taifa la Kiswahili. Haya yanaleta maswali yale yale tuliyoyakuta kwenye ubao wa Scrabble. Je, maneno ya Kiswahili yanayosemwa Arua, Jinja na Kasese yatahesabiwa kuwa halali? Nani atakaa mezani? Na sisi tutajadili na kupiga kura, au tutasikia tu?

Kwa walimu wenzangu napendekeza jambo dogo. Tusiwakataze wanafunzi orodha zao. Tuwadai safu nne badala ya moja: neno, maana, asili, na sentensi iliyotungwa na mwanafunzi mwenyewe. Neno ambalo hawezi kulitungia sentensi halijawa lake, hata kama lina Q na Z kwa pamoja. Jighere alitufundisha kwamba neno fupi lililowekwa mahali pake hushinda refu lililotupwa ovyo. Kwa raia, mahali pa neno ni katika kinywa cha mtu anayejua anachosema.

Maswali ya kujadili darasani

1. Hesabu herufi katika ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili. Ni herufi ipi iliyo nyingi zaidi? Ungegawaje vipande 100 kwa ajili ya mchezo wa Kiswahili?
2. Taja maneno matano ya Kiingereza yenye asili ya Kiarabu au Kiswahili, na ueleze maana iliyopotea njiani.
3. Je, orodha ya mchezo iondolewe maneno ya kudhalilisha? Toeni hoja za pande zote mbili, kisha mpige kura.
4. Waulize wazee wawili wa mtaani kwenu neno la Kiswahili walilolisikia kwa mara ya kwanza, na hali iliyokuwapo walipolisikia. Andika waliyoyasema kwa maneno yao wenyewe.